Aliyeitikia Jina Letu

Mimi ni mtoto wa pili wa kiume, na kwetu milimani hilo peke yake linatosha kuwa jina. Wa kwanza ana jina lake, wa pili lake, wa tatu lake, na wasichana vivyo hivyo, nyumba kwa nyumba, kilima kwa kilima, tangu enzi za mababu. Baba hasumbuki kufikiri. Ukisimama katikati ya soko la Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, ukaliita jina langu kwa sauti, watageuka wanaume arobaini. Silitaji hapa. Nimelitaja mara nyingi mno mbele ya watu wenye kalamu, na siku moja nilipotakiwa kulitaja sikulitaja, na mtu akafa.

Vijana wananiambia niandike habari za maisha yangu, wakili wa mji mdogo aliyefika mpaka bungeni. Wanataka hasa niwaeleze bunge. Bunge lilikuwa na viti vya ngozi, na chai yake ilikuwa nzuri. Haya, nimeshalieleza. Sasa niacheni niseme habari ya wajina wangu, maana mengine yote niliyoyafanya, nikiyapima na hilo moja, hayana uzito.

Nilisomea sheria Dar es Salaam, nikarudi nyumbani katikati ya miaka ya sitini na suti moja, joho jeusi la mahakamani, na Kiswahili cha pwani ambacho wenzangu walikicheka. Kwao Kiswahili kilikuwa cha machimboni, cha jeshini, na cha Wakongo waliovuka mto na mizigo ya vitenge. Mimi nikija na "naomba radhi" zangu walidhani naumwa. Nilipanga chumba cha mabati pale Bwera, kati ya fundi cherehani na ghala la kahawa, nikatundika kibao chenye jina langu la nyumbani. La ubatizo sikuliweka. Nilikuwa na kiburi cha ujana, nikaona ni heshima kwa watu wangu.

Wakati ule milima yetu ilikuwa imechafuka. Watu walikuwa wamechoka kutawaliwa na ufalme usio wao, wengine wakapanda juu kabisa wakasema wanajitawala wenyewe. Huku chini askari walikamata mtu yeyote waliyemkuta njiani. Nyumba ya chifu mmoja wa gombolola, yaani tarafa, ikachomwa moto, na shahidi akasema katika ule moshi alimsikia mchomaji akiitwa kwa jina lile, la mtoto wa pili. Askari wakamkuta mwanamume mmoja anarudi kutoka machimbo ya shaba, godoro lake kichwani. Wakamwuliza jina, akalisema. Wakamfunga pingu, na godoro likabaki barabarani.

Nilikwenda kumwona mahabusu. Alikuwa mfupi, mnene wa shingo, vidole viwili vya mkono wa kushoto vimekatwa na mashine, na kila mara kabla ya kusema alikohoa kidogo kwa sababu ya vumbi la machimboni.

"Walikuuliza nini?" nilimwuliza.

"Baliniuliza jina."

"Na ulijua kuwa wanamtafuta mtu wa jina hilo?"

"Nilijua. Balikuwa banalipigia makelele tangu kule juu."

"Sasa kwa nini usiwape la ubatizo?"

Akakohoa. "Avoka, ile jina alinipa baba. Mutu akiita, mimi naitika."

Nilimwona mjinga. Nasema kweli, nilirudi ofisini nikicheka peke yangu, na huyo mjinga ndiye aliyenifungulia njia ya bungeni.

Hakimu alikuwa anakuja Bwera mara mbili kwa mwezi, mtu wa mbali, asiyejua lugha wala desturi zetu. Kesi ilipangwa siku ya soko. Tangu asubuhi nilizunguka sokoni nikiwaalika watu waje kusikiliza, na niliwaalika kwa kuchagua. Shahidi alipomaliza kula kiapo na kusema yake, nilimwomba karani wa mahakama aliite jina la mshtakiwa kwa sauti kubwa, asimame, shahidi amtambue. Karani akaliita. Ukumbini wakasimama wanaume ishirini na mmoja. Mmoja wao alikuwa mpishi wa hakimu mwenyewe, aliyekuwa amemletea chai.

"Na mimi nimo, mheshimiwa," nikasema. "Ila mimi nilikuwa nimeshasimama."

Hakimu alicheka mpaka akavua miwani. Nikasema maneno ambayo baadaye watoto wa Bwera waliyafanya mchezo: huyu mtu si yule mtu. Nikaeleza kwamba kwetu jina linasema umezaliwa wa ngapi tu. Ukitaka kumjua mtu, uliza baba yake ni nani, kilima chake kipi, anafanya kazi gani. Mshtakiwa akaachiwa kabla ya saa sita mchana.

Hakuwa na cha kunipa, wala sikumwomba. Kesho yake nilipofika nilimkuta anafagia kibaraza changu.

"Wajina, nani kakutuma?"

"Hakuna mutu. Ofisi iko na jina yangu hapa mulangoni."

Na kweli, alikuwa amesoma kibao. Alibaki hapo miaka yote iliyofuata. Alijifunza kupiga taipu kwa vidole vinane, tena kwa kasi iliyonishinda mimi mwenye kumi. Yeye aliniita wajina, mimi nilimwita wajina, na ofisi nzima ikawa haina jina jingine. Mke wake alitoka ng'ambo, upande wa Butembo, Mkatoliki wa kweli, aliyeuza mawese na vitenge sokoni. Kwa desturi yetu wajina ni ndugu, hivyo nilimwita shemeji. Yeye aliniita Avoka, bila mzaha, kama wanavyowaita mawakili kwao. Nyumbani mwao ndimo nilimokula sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, na samaki wa chumvi siku nyingi kuliko kwangu.

Kiti cha ubunge kilipobaki wazi, wazee wakaja kuniambia nigombee. Nilijifanya kukataa, kama inavyopasa. Wajina alipanda baiskeli, na pale baiskeli iliposhindwa alipanda kwa miguu, kilima kwa kilima, akisema neno moja tu: kura mpeni mtoto wa pili. Nani katika milima ile hana mtoto wa pili? Akina mama walinipigia kura kama wanampigia mwana waliyemnyonyesha. Nilishinda, nikabebwa mabegani, na wajina alitembea nyuma amebeba viatu vyangu.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Niliuliza bungeni habari za barabara, nikajibiwa kwamba serikali inalishughulikia. Niliuliza habari za dawa, za shule, za watu waliokuwa mahabusu bila kesi, nikajibiwa vivyo hivyo, na waziri akaketi, na mimi nikaketi. Mwaka wa kwanza nilikasirika. Mwaka wa pili nilianza kupenda ile chai. Hapo ndipo nilipojichukia kwa mara ya kwanza, na nikaamua kwamba nitafanya walau jambo moja.

Niliandika hoja. Ilisema kwamba katika sehemu zetu hati ya kumkamata mtu isiwe halali mpaka itaje jina la baba yake, kilima chake na kazi yake. Ni jambo dogo. Ningeweza kulieleza kwa mtoto. Nilifanya mazoezi Bwera, wajina ameketi kwenye kiti changu, yeye ndiye Spika, anagonga meza kwa mhuri wa ofisi.

"Mheshimiwa, muda yako imekwisha!"

"Bado, Mheshimiwa Spika."

"Endelea basi, lakini usitutishe na hiyo Kiswahili ya bahari."

Nilimsomea kwa Kiswahili, nikamsomea kwa lugha yetu, nikamsomea kwa Kiingereza, mpaka akaishika yote kichwani. Bungeni niliisoma mara moja tu. Mbunge mmoja alisimama akasema serikali haiwezi kubadili sheria za nchi kwa sababu watu fulani ni wavivu wa kutafutia watoto wao majina. Bunge zima likacheka, hata waliokuwa wamelala. Hoja ikaahirishwa. Ikaahirishwa tena. Kisha mwanzoni mwa miaka ya sabini jeshi likachukua serikali, na bunge likafungwa na hoja yangu ndani.

Nilirudi Bwera na joho langu. Watu waliendelea kuniita mheshimiwa, na mimi niliendelea kuitika, ingawa heshima yenyewe sikujua imebaki wapi. Siku moja wakaja wachuuzi wa samaki wa Kasenyi na Katunguru, kule ziwani. Walisema askari wa kizuizi cha darajani wanachagua samaki wakubwa, wanawaachia wao dagaa na matusi. Waliniomba niandike barua kwa mkuu wa kambi.

Niliiandika kwa adabu zote. Wajina aliipiga taipu, akakohoa, akanitazama.

"Wajina, hii samaki itaoza, na sisi tutaoza nayo."

"Ni barua ya heshima tu."

"Bale askari beko banajua kusoma heshima?"

Nilitia sahihi kwa jina la nyumbani peke yake, bila la ubatizo, bila cheo. Nilidhani Uganda nzima inajua ni yupi. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na nililitenda nikiwa nimeketi, nimeshiba, kalamu nzuri mkononi.

Walikuja siku ya soko, asubuhi. Nilikuwa kwa fundi cherehani, chumba cha pili. Siku zile nilikuwa nimekonda kwa mawazo, suruali zote zinanivuka, na fundi alikuwa amenivua moja apunguze kiuno. Nilisimama nyuma ya pazia na shati na nguo ya ndani, nikisubiri. Gari likasimama nje, viatu vikashuka. Ukuta wetu ulikuwa wa bati. Nilisikia kila kitu.

"Toka inje! Nani hapa naitwa hivi?" Akalisoma jina letu kutoka kwenye karatasi, kwa shida, mtu wa kwao mbali.

Nilisikia kikohozi.

"Ni mimi."

"Hii barua ya samaki, nani naandika?"

"Niliandika mimi, na hii mashini."

"Mbunge, eh? Panda gari! Mbio!"

"Ngoja nifunike mashini. Vumbi itaingia."

Nilisikia kofi, au kitako cha bunduki, sijui. Meza ikaburutika. Kisha viatu vikapanda, gari likaondoka kuelekea Kasese, na kabla vumbi halijatua soko likaanza tena kupiga kelele, kwa sababu watu lazima wale.

Fundi alikuwa ameacha mguu juu ya pedali. Alinitazama mimi, mimi nilitazama suruali yangu chini ya sindano. Mlango ulikuwa hatua nne. Kwa miaka mingi nilijitetea kwa suruali ile. Nilijiambia kwamba mtu mzima hawezi kutoka mbele ya jeshi na soko zima akiwa na nguo ya ndani. Ni utetezi dhaifu. Ningekuwa hakimu ningeutupa nje kabla wakili hajaketi. Nilikuwa na sauti, na ukuta ulikuwa wa bati, na neno nililotakiwa kulisema lilikuwa jina langu mwenyewe.

Fundi alimaliza kushona kiuno, akakata uzi kwa meno, akanipa suruali bila kuniangalia.

Mara nyingi nafikiri juu ya ile hoja. Najua wanajeshi wale hawakuwa wakisoma sheria kabla ya kupanda gari. Lakini kama wangekuwa na desturi hiyo, na kama bunge lisingecheka, karatasi yao ingetaja baba yangu, na kilima changu, na kazi yangu. Wangevuka ule ukuta wa bati. Ningekufa mimi. Nimewahi kujikuta ninawashukuru moyoni wale wabunge waliocheka, na shukrani hiyo sijawahi kumwambia mtu.

Jioni ile shemeji alikuja. Alikuwa na mimba, tumbo linaanza kuonekana. Hakulia. Aliketi kwenye benchi ya wateja, si kwenye kiti cha jamaa ambacho siku zote alikikalia.

"Avoka, bamemubeba."

"Nimesikia, shemeji."

"Banafikiri ni wewe."

"Huenda wakagundua wenyewe. Kesho au kesho kutwa wata..."

"Ile siku ya mahakama ulisema mbele ya juge: huyu mutu si ule mutu. Enda Kasese useme vile vile. Sitaki kitu ingine."

"Shemeji, nikisema hivyo watauliza yule mtu ni nani."

"Ndiyo," akasema. "Batauliza."

Nikamwambia nitakwenda kesho. Akasimama, akajifunga kitenge vizuri, akaniambia Mungu anibariki. Nadhani aliamini. Hata mimi niliamini, kwa saa kadhaa.

Niliandika barua kwa mkono wangu. Ilikuwa fupi. Mimi niliyetia sahihi hapa chini, mwana wa fulani, wa kilima fulani, wakili, niliyekuwa mbunge, ndiye mwandishi wa barua ya samaki, na mtu mliye naye hahusiki. Haikuwa na kosa hata moja. Niliikunja nikaiweka mfuko wa shati, upande wa moyo, nikapanda lori la kahawa.

Tulipofika Kinyamaseke, katikati ya njia, dereva alisimama kunywa chai. Mimi nikanywa vikombe viwili. Niliomba gurudumu lipasuke. Mtu mzima, mbatizwa, nilisali kwa Mungu apasue gurudumu la lori. Halikupasuka, tukafika Kasese mapema kuliko siku zote.

Langoni mwa kambi alikuwepo kijana mmoja mrefu na bunduki.

"Simama! Wewe iko nani?"

Nikamtajia jina la ubatizo, lile ambalo hata mama yangu hakulitumia. Lilitoka lenyewe, kabla sijalichagua.

"Nataka nini hapa?"

"Mimi ni wakili, afande. Nimekuja kwa ajili ya mtu aliyeletwa jana kutoka Bwera."

Akacheka. Hakucheka kwa ubaya. Alikuwa mtoto wa watu tu, mbali na kwao. Akamgeukia mwenzake kibandani. "Huyu nasema iko wakili!" Kisha akanirudia. "Wakili tuko naye ndani. Mbunge muzima. Wewe ya nini?"

Mkono wangu ulikuwa juu ya mfuko wa shati. Niliigusa karatasi. Hata kusema sikuhitaji, ningeitoa tu nikampa. Jua lilikuwa kali, na nakumbuka nilisoma maandishi yote yaliyochorwa kwenye kibanda chao, herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Nimekosea njia, afande," nikasema.

"Haya, kwenda! Haraka!"

Nikageuka. Kando ya uzio, kwenye nyasi, walikuwa wameketi wanawake na vyakula vya watu wao, wakingoja kuruhusiwa. Shemeji alikuwa miongoni mwao. Alikuwa ametangulia kwa gari la alfajiri. Bakuli la obundu, ugali wa muhogo, lilikuwa mapajani, limefungwa kwa kitambaa safi. Kutoka pale alipoketi mpaka langoni hapakuwa mbali, na kijana yule alikuwa na sauti kubwa. Alinitazama. Nilingoja anitukane, na ningemshukuru kama angenitukana. Aliinamisha macho akafunga upya fundo la kitambaa, ambalo halikuwa limelegea.

Sikurudi ofisini. Barua niliitumbukiza kwenye choo cha stendi ya malori. Kabla jua halijatua nilikuwa nimevuka mto Lhubiriha pamoja na wachuuzi, mikono mitupu, nikaingia Kongo.

Nilikaa huko miaka saba, karibu na Butembo, nikifundisha Kiingereza katika shule ya misheni. Yaani nilikwenda kujificha kwa ndugu za mke wake. Walinipa nyumba, walinipa maharage, walinipa pole kwa mateso niliyoyapata. Nilizipokea zote. Asiyekuwapo na lake halipo, wanasema, lakini langu lilikuwepo. Kule Kasese mtu alikuwa analipokea kwa niaba yangu kila siku.

Baada ya mwaka mmoja hivi alivuka mchuuzi mmoja wa samaki, katika wale walioniomba barua. Naye alikuwa amefungwa, akaachiwa. Alinikuta nyuma ya shule, na hakutaka kuketi.

"Kule ndani bote balikuwa banamwita Mheshimiwa," alisema. "Naye anaitika."

"Hakuwaambia kwamba si yeye?"

"Tulimwambia aseme. Akasema, nikisema si mimi, batarudi Bwera kutafuta." Akatema mate pembeni. "Balimwuliza, bungeni ulisema nini? Akasimama, akawaambia yote, ile maneno ya jina ya baba na ya kilima. Kwa Kiswahili yako ya bahari. Balicheka sana. Kisha siku moja baliita jina, akatoka na bale bengine. Hatukumwona tena."

Basi alijua. Mwaka wote kabla ya hapo nilikuwa nikijifariji kwamba ni ujinga tu, kwamba aliulizwa jina akalisema, kama ile siku ya godoro. Nilimkasirikia. Nitaandika hilo pia, kwa sababu nimechoka kujipamba. Kwa siku tatu nilimchukia marehemu. Nani alimtuma? Nani alimpa ruhusa ya kunipa kitu kikubwa hivyo, ambacho sitaweza kukirudisha kwa mtu yeyote? Siku ya nne hasira iliisha, na kilichobaki hakijaisha mpaka leo.

Serikali ile ilipoanguka nilirudi Bwera. Walinipokea kwa vigelegele. Mbunge wetu kapona, Mungu ni mkubwa. Walichinja mbuzi. Wazee wakasema uchaguzi utakuja, nijiandae, watu hawajasahau. Fundi cherehani alikuwa bado yupo palepale, mvi zimemjaa, akanipa mkono akasema karibu mheshimiwa, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema zaidi. Niliwaambia wazee kuwa nimeugua na sitagombea tena. Walidhani ni unyenyekevu, wakanipenda zaidi. Jina jema hungara gizani, mzee mmoja akasema, akinishika bega.

Nilikodi meza kibarazani, nikawa mwandishi wa barua za watu wasiojua kusoma. Nilimwona shemeji kwa mbali siku za soko, na kila nikimwona nilijifanya nina kazi. Hakunijia. Wiki zikapita, mwezi ukapita. Kisha asubuhi moja, mwanzo wa muhula, akaja, na mtoto wa kike amemshika mkono, wa miaka saba hivi, amevaa gauni jipya la shule lenye pindo refu la kukulia. Sikuhitaji kuambiwa. Yule ndiye aliyekuwa tumboni.

Aliweka karatasi mezani. Ilikuwa fomu ya shule.

"Unisaidie, Avoka. Sijui kusoma."

Nikaijaza. Jina la mtoto, kilima, parokia. Niliandika polepole. Kidole chake kikashuka kwenye mstari uliofuata.

"Hapa banataka nini?"

"Jina la baba."

"Andika."

Nikaliandika. Mkono wangu ulikuwa umeliandika maelfu ya mara, ukaliandika wenyewe.

"Na hapa?"

"Sahihi ya baba." Nikaweka kalamu chini. "Shemeji, naweza kutia kama mlezi. Sheria inaruhusu. Tutaandika kwamba baba ni..."

"Mulezi ni mimi," akasema. Sauti yake haikupanda. "Banataka baba. Tia wewe. Jina ni ile ile."

Mtoto alikuwa anatazama baiskeli zinazopita barabarani. Kumtilia mtu mwingine sahihi ni kosa la jinai, na nimewahi kuwatetea watu waliofungwa kwa kosa hilo. Nikachovya kalamu, nikatia sahihi. Shemeji akaipuliza karatasi mpaka wino ukakauka, akaikunja mara mbili, akamshika binti yake mkono, wakaenda.